Dawa ya Meno kwenye Kipokezi

Vizazi vijavyo na vijue kwamba likizo hii nimeitumikia sayansi. Nilifuta meza. Mama mdogo, ambaye hupima tope la chini ya bahari, alinichukua maabarani kwake kwa sababu nyumbani nilikuwa nimemfungia mjomba chooni.

Tope lenyewe lilikaa ndani ya bomba nene la chuma, kwenye baridi na shinikizo kali, maana lina gesi iliyogandana na maji kama barafu. Ukiachia shinikizo, barafu inayeyuka, gesi inakwenda zake, na tope jingine kama lile hakuna. Mama mdogo alipitisha wimbi la sauti upande mmoja na kulipokea kwa kipokezi upande wa pili, ajue limepoteza nguvu kiasi gani njiani. Kati ya kipokezi na bomba hupakwa grisi nyeupe, hewa isije ikalizuia wimbi.

Silaha kuu ya bweni letu ni dawa ya meno. Nikaipaka mahali pa grisi, nikasubiri mtu anuse mnanaa acheke.

Hakucheka mtu. Dawa ilikauka ikapasuka, mawimbi yakawa yanafika hoi. Mama mdogo alirudia vipimo, akazima feni, akamfokea fundi mitambo, kisha akamwomba radhi. Chakula alikigusa tu. Mwishowe alisema barafu imeyeyuka humo ndani, gesi ndiyo inayolizuia wimbi, na kazi yake ya miaka imeharibika. Fundi akashauri bomba lifunguliwe, wenzao wa chumba cha pili walitumie.

Nilitaka kusema. Badala yake nikafuta meza, mara ya pili.

Mama mdogo alipoushika mkono wa vali ya kuachia shinikizo, nikajikuta nimesimama.

“Mama mdogo, usifungue.”

“Kwa nini?”

“Naona labda tope limechoka. Lipumzike kidogo.”

Fundi aliguna. Mama mdogo hakuguna. Alinitazama kama mtu aliyenijua tangu nikiwa wa nepi. Akaiacha vali, akakibandua kipokezi, akakikwaruza kwa ukucha, akanusa.

“Wewe,” akasema taratibu, “umepaka nini hapa?”

Nilitafuta uongo mzuri. Ninao mwingi, ila hakuna uliokuja.

“Dawa ya meno. Ni mimi. Tope lako halina kosa, mama mdogo. Jana nilikuona unalia kwenye korido, nikapita kama sikuona.”