Damu Inayojua Njia

Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, wasichana wasioolewa wa mji wa Gisenyi, Rwanda, walipanga foleni kwenye zahanati kupimwa kaswende. Asiye na muhuri kwenye kadi hauzi sokoni. Mwaka huo wa 1954 Mukandutiye, muuza samaki wa miaka ishirini na miwili, alikuwa amechomwa sindano za penisilini mara mbili, akapona mara mbili, na ugonjwa ukarudi mara mbili. Mwanamume alikuwa naye mmoja tu, mchumba wake Muhamadi, dereva wa lori. Huyo hakuwahi kupimwa hata siku moja.

Safari hii damu ya Mukandutiye ilipotiwa kwenye kichupa ilipanda ukingoni, ikashuka mezani, ikatoka mlangoni. Muuguzi Kayitare aliinua miguu ipite. Mwenyewe akaifuata. Ilikatiza sokoni upande wa kivuli, ikawapisha wenye mizigo, ikapinda kona ya msikiti na kutulia kwenye kizingiti cha Muhamadi. Ilikuta damu nyingine tatu zimewahi. Muhamadi alikuwa anakunywa chai.

"Hii ni ya mi," Mukandutiye alisema. "Zile zingine utazijua we mwenyewe. Twende wakupime."

Muhamadi alikwenda, kwa sababu majirani walishatoka nje kutazama. Kayitare alifungua daftari, akalipekua mpaka mwisho.

"Bon, kitabu hii iko ya wanawake tu. Mustari ya wanaume haiko."

"Basi umuandike mu yetu."

"Yebaba! Mi, mu kitabu ya wanawake?" Muhamadi alicheka, akavaa kofia yake, akaenda kuwasha lori la kwenda Mahoko.

Mukandutiye aliumia, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyomfaa. Alivunja uchumba palepale, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni.

Mwezi uliofuata damu za wasichana tisa zilitoka pamoja, kila moja na mlango wake. Wanaume wakajifunza kuruka vizingiti vyao bila kumwaga chai. Zahanati nayo haikukaa bure: iliagiza vizibo. Kayitare alivishindilia kwa kiganja, kimoja kimoja, na daftari likabaki lilelile.

Mukandutiye alingoja kichupa chake kifungwe vizuri. Akakichukua, akang'oa kizibo kwa meno, kisha akanyoosha mkono kwenye cha jirani yake.