Msumari Mmoja

Kifuniko cha birika kiligongagonga kabla hakujapambazuka, nikajua mwanangu ameamka kunipikia chai. Mezani palikuwa na kasha la mbao, na ndani yake majivu ya baba yake.

"Mama, si ubebe kile chombo cha shaba nilichonunua?"

"Mashine ya uwanja wa ndege haioni ndani ya shaba. Isipoona, hawatupitishi. Kasha hili baba yako alilitengeneza bila msumari hata mmoja."

Mume wangu alikuwa seremala. Hakuna mgeni aliyetoka kwetu bila kusimuliwa kasha lile: ubao umeumana na ubao, basi. Dada yake, wifi yangu, ndiye aliyemlea. Miguu haimruhusu tena kusafiri, naye aliniomba jambo moja tu, ampakate mdogo wake mara moja kabla hatujamzika.

Uwanjani, mkaguzi alisoma vyeti, akatandika kitambaa chake safi kwenye trei, ndipo akaliweka kasha. Sitamsahau kwa hilo.

"Kuna chuma humu, bibi?"

"Hamna, mjukuu wangu. Mwenyewe hakupatana na misumari."

Mkanda ukasimama. Akatazama kioo cha mashine, akanitazama.

"Bibi, upo mmoja. Hapa kwenye kitako."

Nikachungulia. Kweli, umesimama wima kama askari. Akalitoa kasha, akashika kifuniko kutaka kukifungua. Nikauweka mkono wangu juu ya wake, taratibu.

"Kumbe kanidanganya miaka arobaini na mitatu! Usifungue, mjukuu wangu. Marehemu tumwachie uongo wake mmoja."

Akacheka kwa kujiziba mdomo. Akaangalia tena kioo, akaangalia vyeti. "Msumari mmoja hauangushi ndege. Piteni, bibi na babu."

Ndani ya ndege nilimweka chini ya kiti cha mbele, miguu yangu ikimgusa njia nzima.

Nilipofika kwake, wifi alimpakata muda mrefu. Nilipomweleza habari ya msumari, akaangua kicheko mpaka machozi.

"Niliupiga mimi! Nilikuja kwenu, nikakuta kitako kimelegea, yeye kutwa anajisifu mtaani. Nikangoja alale."

"Na hakujua?"

"Thubutu! Angeninunia mwaka mzima. We, usimwambie."

"Wifi, si yumo humo humo?"

"Haya, basi kasikia."

Siku ya kuondoka alinirudishia kasha, amelifuta vumbi mpaka pembeni. Mkono wake haukuliachia.

"Nilikuomba mara moja tu," alisema. "Sasa nimenogewa. Msimzike kwanza. Mje tena, wote wawili."