Pasi za Kulia

Msimu mzima wa kikapu sikumrushia shemeji mpira kutoka kushoto kwake. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa, na siri ya mtungi aijuaye kata. Kata nilikuwa mimi. Alinieleza jikoni kwangu kabla ligi haijaanza, dada yake, yaani mke wangu, akiwa chumbani analaza mtoto.

"Shem, daktari wa timu akijua, sina kazi," alinong'ona.

"Si alikupima?"

"Zile herufi za ukutani nimezikariri."

"Na la kulia?"

"La kulia zima kabisa."

Nikakubali, mjinga mimi. Tangu hapo raha ya mpira iliniisha. Kila kiwiko kilichopita karibu na uso wake, roho iliniruka. Watangazaji walitusifu eti tunaelewana kama chanda na pete, kumbe mwenzao nacheza huku namlindia jicho. Jicho lile moja likipigwa, nitamwambia nini mke wangu?

Mechi ya mwisho, mlinzi wa wapinzani, jitu lenye mdomo mrefu kuliko mikono, alijibandika kulia kwa shemeji tangu mwanzo. "Tumewaona kwenye video," alinicheka. "Nyie mna njia moja tu. Leo mtapita wapi?" Sikujua kama amegundua njia tu, au na jicho pia.

Zikabaki sekunde chache, tukiwa nyuma kwa pointi moja. Shemeji alikuwa wazi kwenye kona, ila mimi nilikuwa kushoto kwake.

"Mpe! Yuko peke yake!" kocha alifoka.

Nilichokiona mimi ni mpira ukimpasua uso. Niliung'ang'ania mpaka king'ora kikalia, tukafungwa.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyenisemesha. Shemeji tu ndiye aliyekuja kuketi karibu yangu, anahema. Nikamwekea chupa ya maji kulia kwake, kama kawaida yangu.

"Mbona hukunipa?" aliuliza.

"Usingeuona, shem."

Mkono wake wa kulia ulipapasa benchi, ukaipita chupa, ukarudi, ukaiangusha. Maji yakamwagika miguuni mwetu.

"Shem. La kulia nalo?"

"Mbona hizo pasi zako nazikamata kwa kusikia viatu vyako tu, siku nyingi sasa," alisema, uso ameuelekeza ukutani. "Usimwambie dada."