Fundi Aliitikia kwa Kichwa

Mdogo wangu alikamatwa Jumanne, saa kumi alasiri, akiwa njiani na ubao wake. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, namalizia kola za sare za shule, muuza mbao alipoingia anahema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

"Dada, Fundi wako wamemchukua! Amempiga askari kwa ubao!"

Nilicheka. Kweli kabisa, nilicheka. Fundi ni seremala, ana mikono migumu kama koleo, lakini sijawahi kumwona akimpiga hata paka. Halafu nikaona muuza mbao hacheki. Nikatupa mkasi, nikavaa kandambili zilizokuwa mlangoni, nikatoka. Nilipofika kituoni ndipo nikagundua kwamba zote mbili ni za kushoto.

Fundi hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimpata akiwa na miaka mitatu, ikaondoka na masikio yake. Mtaani wanamwita Bubu, ingawa anacheka kwa sauti na jina langu analiita kwa namna ninayoielewa mimi tu. Alikaa shule ya viziwi miaka saba, akarudi na useremala na lugha ya alama. Sisi nyumbani lugha hiyo hatukujifunza. Tulikuwa na ishara zetu: kula, njoo, mvua, mgeni, lala. Kwa hizo nilijiona mkalimani hodari.

Askari wa zamu aliniambia mdogo wangu amehojiwa na amekataa kusema.

"Hasikii, afande."

"Hapa wote hawasikii," akajibu. "Sikio la kufa halisikii dawa." Akacheka peke yake.

Kesho yake asubuhi wakampandisha kizimbani. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, mabenchi yamejaa, feni inazunguka kivivu bila kumpepea mtu yeyote. Karani alisoma shtaka kwa haraka, kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani: kukaidi amri halali, kumshambulia askari akiwa kazini. Akauliza, "Ni kweli au si kweli?"

Fundi alimtazama karani, akamtazama hakimu, akafanya anavyofanya siku zote mbele ya watu wenye makaratasi. Alitabasamu kidogo, akaitikia kwa kichwa.

"Amekiri, Mheshimiwa," akasema mwendesha mashtaka. Kalamu ya karani ilishaanza kukimbia.

Sijui nani aliniinua. Nilijikuta nimesimama. "Hajakiri! Hasikii! Huyo anaitikia tu, hata ukimwuliza kama yeye ni mbuzi!"

Watu wakaangua kicheko. Askari wa mlangoni akanijia, "Mama, kaa chini," lakini hakimu akaweka kalamu mezani. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni.

"Mwache. Wewe ni nani wake?"

"Dada yake, Mheshimiwa. Tumenyonya ziwa moja."

Hakimu aliinua karatasi ya mashtaka, akajifunika nayo mdomo, akamgeukia Fundi. "Eti, wewe ndiye hakimu wa mahakama hii?"

Fundi akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Mabenchi yakavunjika mbavu. Hakimu hakucheka. "Karani, futa hayo uliyoandika. Andika kwamba mshtakiwa hajaelezwa kosa lake."

Mwendesha mashtaka akainuka. "Mheshimiwa, dada yake yupo hapa. Atafsiri yeye tuendelee. Kesi yenyewe ni ndogo."

"Ndogo kwako," akasema hakimu. Kisha akanigeukia. "Unaweza kumweleza mdogo wako?"

"Naweza, Mheshimiwa."

"Haya, mwambie anashtakiwa kwa kukaidi amri halali."

Niliinua mikono. Askari nilimpata: nilipiga saluti. Amri, nikanyoosha kidole kwa ukali. Ilipofika halali, mikono ikabaki inaning'inia hewani. Nilitafuta ishara moja tu, sikuwa nayo. Kula, njoo, mvua, mgeni. Fundi alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyesahau shairi mbele ya wageni. Nikaishusha mikono. Aibu niliyoipata siku ile siwezi kuieleza.

Hakimu akavuta kitabu chembamba chenye jalada lililochakaa. Alizungumza taratibu, na nilihisi anatuambia sisi wa kwenye mabenchi zaidi ya mwendesha mashtaka.

"Hii ni katiba. Inasema mtu akishtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike. Inasema aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na kama lugha ya mahakama haielewi, serikali imletee mkalimani bila yeye kulipa chochote. Haikusema kesi kubwa tu. Na kukaa kimya si kukiri."

"Lakini Mheshimiwa, kituo hakina mkalimani."

"Basi mtafuteni. Sheria hii imetufunga wote, hata mimi niliyekaa hapa juu. Nikimhukumu mtu asiyejua ameshtakiwa nini, nitakuwa nimehukumu kivuli."

Fundi akapewa dhamana, mume wangu na muuza mbao wakamdhamini. Njiani nilikuwa nawaza. Maisha yangu yote niliamini serikali ni mtu mmoja mwenye mikono mingi: askari akikukamata, hakimu ni mkono wake mwingine unaokumalizia. Kumbe mkono mmoja unaweza kuuambia mwingine, hapana, ngoja kwanza.

Lakini hofu haikuisha. Tarehe ya kwanza mkalimani hakuja. Ya pili hakuja. Hakimu akawaandikia upande wa mashtaka barua, akasema wasipomleta mara ya tatu ataifuta kesi. Wiki hizo nilishona mikono ya mashati kinyume, nikafumua, nikashona tena kinyume. Chakula kilinishinda. Fundi mwenyewe aliranda mbao zake kama kawaida, na mimi sikujua kama ameelewa jambo lolote au haelewi kabisa. Sikuwa na njia ya kumwuliza.

Tarehe ya tatu alikuja. Mwanamke mfupi, mkoba begani, mwalimu wa shule ya viziwi ya mkoa jirani. Aliapa, akasimama mbele ya kizimba, akainua mikono.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mikono yake ilikwenda kama ya mtu anayesuka, na uso wake wote ukafuata. Fundi aliinama mbele, macho yamemtoka. Mwalimu alipomaliza kueleza shtaka, Fundi alivuta pumzi, akajibu. Alijibu, alijibu, alijibu! Nadhani nusu saa ile alisema maneno mengi kuliko niliyowahi kuyapata kwake kwa miaka kumi. Na mwalimu alikuwa anayatoa kwa sauti, sentensi kamili, zenye adabu na hata mzaha.

"Si kweli, Mheshimiwa. Sikukaidi amri. Sikujua kuna mtu nyuma yangu. Mbele yangu nilikuwa naona vizuri, na mbele hapakuwa na askari."

Yule askari aliyepigwa alisimama kutoa ushahidi. Kijana mrefu, kovu bichi juu ya nyusi. Alisema walikuwa kwenye msako, akamwita mtu mwenye ubao mara tatu, hakugeuka; akamshika bega, ubao ukazunguka na kumpiga usoni.

Hakimu akamwambia Fundi ana haki ya kumwuliza shahidi maswali. Mwalimu akatafsiri. Fundi akajishika kifua: mimi? Ndiyo, wewe.

"Uliponiita, ulisimama wapi?"

"Nyuma yako," akajibu askari.

"Ubao ulipokugonga, nilifanya nini?"

Mwendesha mashtaka akajikohoza. Askari akaangalia kofia yake iliyokuwa mkononi.

"Uliutupa chini," akasema. "Ukanikalisha kando ya barabara. Ukavua shati lako ukanikandamiza nalo jeraha, damu ikakatika. Wenzangu ndio waliokuja wakakukamata."

"Haya hukuyaandika kwenye maelezo yako?" akauliza hakimu.

"Hakuna aliyeniuliza, Mheshimiwa."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, akatoka, akarudi, akasoma. Asiyesikia amri hawezi kuikaidi. Aliyegeuka kwa mshtuko hakukusudia kushambulia. Mshtakiwa hana hatia, aende zake.

Mwalimu alipoitafsiri hukumu, Fundi alitoa sauti, ile ya kuita jina langu. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za nje nikilia na kucheka kwa zamu. Mume wangu alibaki kunipepea kwa karatasi ya dhamana.

Fundi akaja na mwalimu, wakasimama mbele yangu.

"Anasema ana jambo la kukwambia wewe," mwalimu akasema. "Kama huna haraka."

"Aseme."

Mikono ikaenda. "Anasema kule nyuma ya nyumba mlikomhamishia karakana ni giza. Ameshajikata kidole gumba mara mbili. Anauliza alikosa nini mpaka mkamtoa barazani."

Nilimtazama mume wangu, naye akanitazama. Mwaka juzi tulitaka baraza kwa ajili ya cherehani zangu. Nilimwonyesha Fundi kwa vidole, huku na kule, nikamwuliza kama ni sawa.

"Lakini alikubali! Aliitikia mwenyewe!"

Fundi alisoma uso wangu kabla mwalimu hajainua mikono. Akajibu kwa kifupi.

"Anasema hakuelewa. Aliona unacheka, naye akaitikia ili usikasirike."

"Mwambie hakukosa. Mwambie baraza ni refu, tutagawana, na cherehani zitasogea leo hii hii. Na wewe, mwalimu, nitakulipa kwa sare za wanao wote, nifundishe."

"Sina watoto," akacheka, "lakini nitakufundisha."

Fundi alikuwa na mengine bado. Alimweleza mwalimu kuhusu mbao, nadhani, maana alichora mlango hewani, akapima kwa viganja, akabisha, akabishiwa, akapiga kofi kwa furaha. Watu waliokuwa wanatoka mahakamani waliwapita. Mume wangu alinong'ona kwamba tutachelewa. Nikamwambia akae hapa kando yangu, awaache wamalize mazungumzo yao.