Jina la Kuazima

Kwetu Tartu, huku Estonia, mtu haalikwi kwenye siku ya kuzaliwa. Unapanga meza, unakaa, na atakayekuja amekuja. Ndiyo maana mume wangu Villem, alipotimiza miaka sitini, hakuweza kumzuia Aliide asije, ingawa asubuhi nzima alichungulia dirishani na kuniuliza kama ni kweli mafua yameenea mjini.

"Unamwombea augue?" nilimwuliza.

"Mimi? Lehte, una mdomo wewe!"

Villem alikuwa mshairi, lakini watu walimjua zaidi kwa tafsiri moja, utenzi mrefu wa Kihispania uliowaliza hata wasiopenda mashairi. Aliyeutafsiri ni Aliide. Alikuwa amerudi kutoka uhamishoni Siberia, alikomzika bintiye, na wakati ule jina la mtu aliyetoka huko halikuchapwa popote. Villem akamwazima la kwake. Wengi walisaidiana hivyo, nami nilijivunia mume wangu. Kisha mambo yakalegea, wenzake Aliide wakaanza kuchapwa kwa majina yao wenyewe. Sasa kitabu kilikuwa kinachapwa upya Jumatatu. Mhariri wa kitabu, Harald, alipiga simu kuuliza kama kuna cha kubadilisha, nikamsikia Villem akijibu, "Hakuna, ndugu yangu. Kiache kilivyo." Nilikuwa namenya viazi. Uso uliniwaka kwa aibu, nikaendelea kumenya.

Alasiri nyumba ilijaa. Wanaume walimkalisha Villem kwenye kiti, wakakinyanyua juu na kupiga mayowe, kama inavyotakiwa.

"Taratibu, mtamvunja!"

"Mshairi havunjiki! Ila hili tumbo, jamani, hili ni la waziri!"

Akiwa bado huko juu, mlango ulifunguka akaingia Aliide na maua yake. Villem aliacha kucheka.

Nilimpa Aliide nafasi karibu na jiko la kuni, nikamwekea saladi ya viazi na mkate mweusi wenye dagaa. Harald alimtazama, halafu akamgeukia Villem.

"Mwenye siku, tutambulishie mgeni basi."

Nilimkazia macho mume wangu. Sema, nilimwambia moyoni, sema sasa, hutapata tena nafasi nyepesi kama hii.

"Huyu ni Aliide," alisema Villem. "Ndiye... ndiye aliyenipigia taipu kile kitabu. Ana vidole vyepesi huyu, acheni tu!"

Wachache walipiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze. Aliide aliweka uma chini.

"Ndiyo," alisema. "Nilipiga taipu."

Alikaa kidogo kwa adabu, akamaliza kahawa, akaomba koti lake. Nilimsindikiza hadi chini ya ngazi. Nikamfunga vifungo vya koti kana kwamba ni mtoto.

"Lehte, jina langu silidai," alisema. "Lakini ule wimbo wa kitabuni, wa mama anayemtafuta mwanawe, juu yake niliandika jina la binti yangu Maimu. Villem alilitoa. Mwambie alirudishe, basi. Hilo tu."

"Si umwambie mwenyewe, dada! Mkaripie mbele yao!"

"Leo ni siku yake," alisema, akatoka.

Nilipanda ngazi mbio. Walikuwa wanagonganisha glasi.

"Aliyetafsiri kitabu ndiye huyo aliyetoka sasa hivi," nilisema. "Huyu mume wangu hajatafsiri hata mstari mmoja."

Villem alikuwa wa kwanza kucheka. "Msameheni. Yuko jikoni tangu alfajiri, amechoka."

Hakuna aliyecheka naye. Harald alivuta kiti changu.

"Kaa, Lehte. Sote tunajua."

"Mnajua nini?" aliuliza Villem. "Tangu lini?"

"Tangu ukurasa wa kwanza. Mashairi yako tunayasoma miaka yote hii, rafiki yangu. Kile kitabu kilikuwa kizuri mno kuwa chako."

Kila mtu aliangalia sahani yake. Niliwaonea aibu wote, waliokuwa wakila mezani kwetu huku wanajua, na nikajionea aibu mimi niliyewapikia.

Jumatatu Villem alikwenda mwenyewe kwa mchapishaji kabla hawajafungua. Jina lake likafutwa, la Aliide likawekwa, na la Maimu likarudi juu ya wimbo ule. Watu walimsifu kwa uungwana wake. Aliide alimletea keki. Nami nimejaribu kuamini kwamba Villem alikwenda kwa ajili ya Aliide, au walau kwa ajili ya yule mtoto. Lakini nimeishi naye muda mrefu. Alikwenda kwa sababu Harald alisema kilikuwa kizuri mno.