Shingo Iliyokwama Makole

Alfajiri hiyo Stara alimaliza kuswali, akatoa salamu upande wa kulia. Alipotaka kugeukia kushoto, shingo ikakwama. Maumivu yalishuka begani mpaka kwenye vidole. Akajaribu kuinamisha kidevu kifuani, kikakataa. Jasho jembamba likamtoka.

Kaka yake, Jamaldini, alianza hivyohivyo kule Kondoa. Asubuhi shingo ilikaza, siku ya tatu wakamzika. Homa ya uti wa mgongo.

"Mrisho," alimwita mumewe kwa sauti ndogo, "watoe watoto. Wasinisogelee."

Hospitalini daktari alimpima joto, akamlaza, akamkunja miguu. "Huna homa, na hii si homa ya uti wa mgongo. Unafanya kazi gani?"

"Fundi simu."

Ulikuwa mwaka 2003. Simu za mkononi zilikuwa zimeingia Dodoma kwa wingi, na Stara alishinda kibandani kwake Makole tangu asubuhi mpaka magharibi, ameziinamia kwenye meza fupi. Daktari akamwelekeza kwa Anjelina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Nionyeshe unavyokaa kazini," Anjelina alisema. Stara akainama. "Ndiyo hiyo. Kichwa ni mzigo, mama, na shingo inaubeba kutwa. Sasa rudisha kidevu nyuma, kama unayekwepa moshi wa jiko. Taratibu."

"Ikivunjika?"

"Haivunjiki."

Akarudisha. Kitu kikalia ndani ya shingo, ko! Stara akapiga yowe, akang'ang'ania kitanda, akingoja miguu ife ganzi. Haikufa. Anjelina alisubiri atulie, kisha akasema, "Tena."

Nyumbani alifanya mazoezi huku analia, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, Mrisho akimhesabia. Hakuamini maneno ya daktari. Kila mara alijipapasa paji la uso akitafuta homa. Kushoto hakuthubutu kugeuka. Akiitwa upande huo aligeuza mwili mzima, wanawe wakacheka, "Mama anageuka kama fisi!" Mrisho akaenda kibandani, akainua meza kwa matofali.

Wiki ya tano mteja alimsalimu kutoka kushoto. "Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri," Stara akajibu, akimtazama usoni. Ndipo alipotambua kwamba ni shingo tu iliyogeuka. Akaweka bisibisi chini.

"Ngoja kidogo," alimwambia, akatazama mbele, kisha akageuza shingo tena kushoto, polepole, huku amebana pumzi.