Muhuri Mfukoni mwa Papa Zihindula

Nilizaliwa Rutshuru, hapa hapa Kongo, baba yangu kazaliwa Rutshuru, na babu amezikwa huko huko, pembeni ya shamba la maharage. Lakini Jumatatu ile, kwenye ukuta wa ofisi ya ada ya chuo chetu hapa Goma, jina langu, Nishimwe Habineza, lilikuwa limebandikwa katika orodha ya wanafunzi wa kigeni. Mwenyeji analipa dola mia nne kwa mwaka. Mgeni analipa mia saba, na bweni lake lina bei yake. Mimi nilishalipa mia nne. Asiyemaliza kabla ya Jumamosi saa sita hafanyi mtihani.

Kosa langu lilikuwa kulipia Gisenyi, upande wa Rwanda. Benki za Goma zilipofunga milango kwa sababu ya vita, sote tulivuka mpaka, tukapanga mstari, tukarudi na bordereau, ile risiti ya benki, yenye muhuri wa kule. Sasa mkuu wa ofisi ya ada, Papa Zihindula, alikuwa ameamua kwamba pesa iliyotoka nje ya nchi imeletwa na mtu wa nje ya nchi. Kichwa chake kinafaa sana kuvalia kofia.

"Papa, carte d'électeur yangu njo hii," nilimwambia, nikimwonyesha kadi ya mpiga kura.

"Carte inasema uko Mukongomani," akajibu, "bordereau inasema uko mugeni. Miye nafata bordereau."

"Sasa nifanye nini?"

"Lete attestation ya ile benki, iseme hauishi kule. Ao ulipe mia tatu."

Akarudisha muhuri wake kwenye mfuko wa koti. Muhuri huo hamwachii mtu; hata chooni anakwenda nao, na chuo kizima kinajua.

Dorine Cibalonza, rafiki yangu kutoka upande wa Bukavu, ninayepanga naye chumba kimoja mtaa wa Keshero, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akakasirika. Tulilipa siku moja, dirisha moja, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wenyeji. Akanishika mkono, tukaingia tena ofisini.

"Papa, na miye uniandike mugeni," alisema, akaweka bordereau yake mezani. "Bweni ya bageni iko na maji."

Papa Zihindula alimtazama kwa huruma. "Weye uko mutoto wa kwetu. Usijitafutie mambo."

Basi tukajua. Haikuwa bordereau, lilikuwa jina langu, lenye sauti ya Rwanda. Niliumia, sitaki kusema uongo. Niliumia mpaka nikakosa tusi, na mimi si mtu wa kukosa tusi.

Jioni nikampigia baba simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jirani yetu Ntirenganya atakuja Jumamosi asubuhi kumnunua Gaju. Gaju ni ng'ombe wetu wa mwisho. Wengine walikwenda na vita. Baba hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma.

"Papa, usimupe Gaju mbele ya miye kukupigia simu," nikamwomba.

Ijumaa asubuhi nikachukua jeton, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka, nikapita Petite Barrière kwenda kutafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba siishi Gisenyi. Mstari wa benki ulikuwa umefika barabarani. Watu watatu mbele yangu niliona koti ninalolijua.

"Jambo, Papa Zihindula."

Aligeuka taratibu. "Unafanya nini huku?"

"Natafuta attestation yako. Na weye, Papa?"

"Mushahara," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Nusu ya mstari ule ni watu wa Goma, kwa hiyo nikapandisha sauti kidogo. "Kumbe mushahara yako inatokea huku. Basi na bordereau yako iko na muhuri ya huku. Banakulipa kama mugeni, ao kama mutoto wa kwetu?"

Mama mmoja mwenye kikapu alianza kucheka. Nyuma yangu alisimama Profesa Kambere wa kitivo chetu, naye amefuata mshahara, akasema kwa upole, "Jibu mutoto, Zihindula. Na miye nataka kujua."

Papa Zihindula alitazama mbele, akatazama nyuma. Kutoka kwenye mstari kungempotezea zamu, na zamu ile ndiyo aliyovukia mpaka. Akanyoosha mkono. Nikampa fomu yangu ya mtihani, isiyopokelewa bila muhuri wake. Meza haikuwepo, nikainama, akaiweka mgongoni mwangu, akaandika "mwenyeji", akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia, akaugonga kwa nguvu isiyohitajika. Profesa Kambere akasaini kama shahidi bila kuombwa.

Mstari ukasogea, mpaka zamu ya Papa Zihindula ikafika. Binti wa dirishani alikuwa na fomu za rangi mbili. "Wewe ni mwenyeji au mgeni?"

"Mugeni," alijibu Papa Zihindula, chini chini.

Nilicheka. Nikaenda pembeni nikampigia baba, nikamwambia Ntirenganya abaki nyumbani na kamba yake.

Nilisikia Gaju akilia nyuma ya baba. "Basi banakubali sasa uko Mukongomani?"

"Banakubali, Papa," nikasema. "Lakini ilibidi nitoke kwanza Kongo."